Marehemu Haruhusiwi Kutembelea Wagonjwa

Mzee Kibindu hakuwa na mtoto. Hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, na upande wa kushoto wa kinywa hakuwa na meno ya kutosha. Hakuwa na simu ya kutelezesha kidole. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya vitufe, na kitufe cha saba kilikuwa kimezama. Hakuwa na cheti cha shule yoyote, ingawa maisha yake yote ya kazi aliyaishi ndani ya shule. Hakuwa na cheo, hakuwa na ndugu serikalini, hakuwa na suti. Na zaidi ya yote, hakuwa na adui.

Hayo mengine yote serikali ya nchi yake iliyafahamu na kuyavumilia. Ni hilo la mwisho lililomponza.

*

Inafaa nieleze kidogo kuhusu nchi yenyewe. Ni nchi nzuri, ina bendera na uwanja wa ndege. Viongozi wake wanaipenda elimu kupita kiasi, na kwa sababu ya mapenzi hayo iliwauma kuiona ikigawanywa vipande vipande kwa watoto wengi, ambao baadhi yao huishia kulima. Wakaamua kuikusanya yote kwa mwanafunzi mmoja. Wakanunua kompyuta.

Kompyuta hii ilijifunza bila kufundishwa. Ilisoma kila kitu ambacho wananchi walikiandika mtandaoni: matangazo, ugomvi, mahubiri, mapishi, bei za nyanya, salamu za sikukuu. Ilichokisoma mara moja ilikitilia shaka. Ilichokisoma mara nyingi ilikiamini. Na kile ilichokiamini leo ilikitumia kuelewa itakachokisoma kesho. Haikuwa na likizo wala mtihani. Ilipewa jina la Mheshimiwa Mwanafunzi wa Taifa, ikajengewa nyumba yenye ubaridi mwaka uleule ambao paa la chuo cha ualimu liliezuliwa na upepo, na siku ya kuizindua Waziri wa Maarifa alihutubia huku akifuta jasho.

"Ndugu wananchi! Wanafunzi wengine husoma ili wahitimu. Huyu wetu hatahitimu kamwe! Wengine husahau. Huyu hasahau! Wengine huuliza maswali." Hapo Waziri alinyamaza kidogo ili watu wajiandae. "Huyu haulizi!"

Makofi ya mahali hapo ndiyo yaliyokuwa marefu kuliko yote.

Kisha ikatangazwa sheria, fupi kama sheria zote za nchi ile: anachokijua Mwanafunzi ndicho serikali inachokijua, na mkono wa mtu hauruhusiwi kumsahihisha. Mtu akitaka Mwanafunzi ajue jambo jingine, na liandikwe mtandaoni, alisome mwenyewe, ajifunze kwa hiari yake.

*

Sasa watu wa nchi ile wana desturi moja. Hawamsifu mtu aliye hai. Wanasema ukimsifu utamvimbisha kichwa, atakuwa na dharau, ataacha kazi. Kwa hiyo mtu mwenye jambo zuri la kumwambia jirani yake hulitunza. Hulitunza miaka na miaka, na siku jirani anapofariki hulitoa lote kwa mpigo: alikuwa mtu wa watu, alikuwa na moyo wa dhahabu, hatutamsahau. Wanaume wazima hulia mbele ya jeneza wakimweleza marehemu mambo ambayo, kama angeyasikia akiwa hai, huenda angeishi zaidi.

Mwanafunzi alisoma haya yote. Hakuna aliyemweleza kifo ni nini, na yeye, kama Waziri alivyoahidi, hakuuliza. Alitazama tu maneno yanavyokwenda pamoja, akaona kwamba anayesemwa vizuri na watu wengi, bila kinyongo, daima ni marehemu. Akaamini.

Siku ya kwanza ya kuamini hivyo alimwandika kuwa marehemu Mtukufu Kiongozi wa Nchi mwenyewe, kwa kuwa magazeti yalimsifu kila asubuhi. Redio ya taifa, ambayo ilikuwa imeunganishwa na Mwanafunzi, ikapiga nyimbo za maombolezo wakati Mtukufu akinywa chai. Mafundi wawili walipelekwa masomoni ng'ambo siku hiyohiyo, na kwa bidii waliyonayo hawajarudi hadi leo. Mkono wa mtu ukamgusa Mwanafunzi mara hiyo moja tu, kwa sababu ulikuwa mkono wa juu, ukaandika: isipokuwa Mtukufu.

Mawaziri hawakupata bahati hiyo. Waziri wa Mifugo, aliyekuwa na vijana wa kumsifu mtandaoni, alikataliwa na mlango wa choo cha wizara yake mwenyewe, maana milango nayo ilimsikiliza Mwanafunzi. Tangu hapo kila waziri akajitafutia mtu wa kumtukana kwa kiasi, tusi la wastani lisilogusa familia, na mambo yakatulia.

*

Mzee Kibindu alikuwa mpishi wa Shule ya Bweni Mapambazuko. Alipika ugali katika masufuria ambayo mtoto angeweza kujificha ndani yake, na baada ya kupakua, ukoko uliobaki chini aliubandua kwa upawa na kuugawa dirishani kwa wale waliokuja na njaa ya pili. Hakuuliza mtu jina. Aliuliza, "Mkono uko wapi?" Wanafunzi walimwita Babu Ukoko hata alipokuwa hajaota mvi.

Alipostaafu, kijana mmoja aliyesoma pale aliweka picha yake mtandaoni na kuandika: "Huyu alikuwa mpishi wetu. Mliokula ukoko wake, semeni neno."

Wakasema. Walikuwa madereva, mahakimu, wauza mitumba, wachungaji na kanali mmoja wa jeshi. Hawakuwa na nia ya kuvunja desturi. Nadhani kustaafu kuliwachanganya, kukafanana na jambo jingine. Alikuwa mtu wa watu, waliandika. Alikuwa baba kwa wasio na baba. Hatutamsahau. Katika maelfu ya maneno hakukuwa na hata mmoja aliyelalamikia maharage.

Mwanafunzi akasoma hadi mwisho.

Mzee Kibindu hakujua lolote. Alikuwa nyumbani akimtazama mke wake, Bi Tunu, akipanda ngazi mbili za mlangoni na kupumzika kwenye ya kwanza. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Zahanati ikamwandikia Bi Tunu kwenda Hospitali Kuu ya Taifa, gari la wagonjwa likamchukua, na mumewe akabaki nyuma kufunga mlango na kupika uji, kwa sababu mke wake hakuwahi kula chakula cha hospitali na hakuwa na nia ya kuanza.

*

Kwenye geti la Hospitali Kuu kulikuwa na skrini, na pembeni ya skrini mlinzi aliyeitwa Afande Kayuni. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimefika. Mzee Kibindu akaweka kidole mahali pa kuweka kidole.

Skrini ikawa nyekundu. Afande Kayuni akainama, akasoma, akasimama wima na kuvua kofia.

"Pole sana, mzee wangu."

"Nimeshapoa. Nipishe, uji unapoa nao."

"Hapana, mzee. Nakupa pole ya msiba. Imeandikwa hapa umefariki."

"Nani?"

"Wewe."

Mzee Kibindu akatazama nyuma, kama mtu anayedhani ameitwa mwingine. "Nimefariki lini?"

"Tangu ulipostaafu. Na watu walikulilia, mzee! Hata kanali!"

"Sasa mwanangu, mimi si nimesimama hapa? Nishike mkono."

Afande Kayuni alimshika mkono, akaubonyeza, akakubali kwamba ulikuwa na joto. "Mimi binafsi naona uko hai. Lakini mimi ni mlinzi tu, sijasoma kama Mwanafunzi. Na kanuni namba ya mwanzo kabisa hii hapa ukutani."

Ukutani paliandikwa kwa rangi ya mafuta: MAREHEMU HARUHUSIWI KUTEMBELEA WAGONJWA. Chini yake, kwa herufi ndogo: ili kutowatisha.

"Na mke wangu?"

"Mama yumo, wodi ya moyo, ghorofa ya pili. Dirisha lile lenye pazia la kijani." Kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, Afande Kayuni aliipokea chupa ya uji, akamwita nesi aliyekuwa akipita.

Nesi huyo, Fortunata, alirudi baadaye na chupa tupu. "Amekunywa wote. Anasema umezidisha sukari kwa makusudi. Na anauliza mbona hupandi kumwona."

"Mwambie mguu unaniuma."

"Babu, mguu upi?"

"Wowote."

*

Ilikuwa bahati, au walau ilifanana na bahati, kwamba Mkurugenzi Msaidizi wa Usomaji katika Wizara ya Maarifa alikuwa Dokta Erasto Mwakifuna, aliyesoma Mapambazuko na kula ukoko kuliko mwanafunzi yeyote wa darasa lake. Alipomwona mzee mlangoni aliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo Babu! Nilikulilia, wallahi. Niliandika ujumbe mrefu kabisa."

"Marahaba. Nimeusikia. Sasa ufute."

Dokta Erasto akaketi taratibu. Akaeleza kwamba kufuta hakusaidii, kwani Mwanafunzi hasahau alichosoma. Na kumwandikia kwamba mzee yu hai pia hakusaidii, kwani watu wengi huandika kuhusu marehemu kwamba bado wanaishi mioyoni mwao, na Mwanafunzi ameshalizoea neno hilo.

"Njia ni moja, Babu. Usemwe vibaya. Walio hai husemwa vibaya. Wakikusema vibaya wengi, ataanza kukutilia shaka, halafu atakuamini."

"Basi anza wewe. Keti hapo, nitukane."

Dokta Erasto aliivuta kompyuta yake. Aliandika neno, akalifuta. Akamtazama mzee, akatazama dari. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Mwishowe akasoma kwa sauti ndogo: "Babu Ukoko alikuwa mkali."

"Vizuri. Endelea."

"Alikuwa mkali, lakini ukali wake ndio uliotufanya tuwe watu." Akaweka mikono usoni. "Nisamehe Babu. Haitoki."

Haikutoka kwa wengine pia. Dokta Erasto aliwaandikia wenzake wote, akawaeleza shida ilivyo, akawaomba kama ndugu wamtukane mzee. Walijitahidi. Hakimu mmoja aliandika kwamba maharage ya Babu yalikuwa na mawe, halafu akaongeza kuwa mawe yale yalimfundisha subira. Mchungaji aliandika tusi moja la haki, kisha akaomba msamaha kwa mistari kumi. Kanali aliandika "Mjinga sana yule mzee" na alama ya moyo. Na wengi, walipojaribu kukumbuka ubaya wake, walikumbuka dirisha la jikoni, wakaandika habari za dirisha.

Mwanafunzi alisoma yote haya na kuzidi kuwa na hakika. Skrini ya geti ikabadilika: mwanzo iliandika "marehemu", sasa ikaandika "marehemu mpendwa".

*

Wodini, kadi ya kitanda cha Bi Tunu ilikuwa ikijibadilisha yenyewe, maana ilipata habari zake kwa Mwanafunzi. Asubuhi moja alipogeuza shingo aliona kwamba mahali palipoandikwa "ameolewa" pameandikwa "mjane".

"Fortunata," aliita. "Njoo hapa. Mume wangu amekufa?"

"Hapana, mama! Nimemwacha getini sasa hivi."

"Na huo mguu?"

Nesi Fortunata alikuwa na kipaji cha mambo mengi, lakini si uongo. Akasema yote, kidole, skrini, kanuni ya ukutani, na kanali. Bi Tunu alicheka mpaka mashine iliyofungwa kifuani pake ikapiga kelele. Kisha akatazama pazia la kijani.

"Watu wazima wenye shahada wameshindwa kumsema Kibindu vibaya? Lete simu yako. Mimi nimeishi naye."

Alisema polepole, akipumzika, na nesi akaandika hivi hivi:

"Mimi Tunu, mke wa Kibindu, nasema mume wangu ni mtu mgumu. Alipikia shule nzima, lakini nyumbani hakuingia jikoni hata nilipokuwa na homa. Anakoroma. Akiulizwa kama amechoka hukasirika. Na tangu anioe hajanisifu hata siku moja, si chakula, si nguo, si chochote. Nikifa ndipo ataanza, na mimi sitakuwepo kusikia."

"Mama, hilo la mwisho pia?" aliuliza nesi.

"Hilo hasa. Tuma."

*

Wale waliokula ukoko hawakujua la kusema juu ya ujumbe huu. Lakini nchi ile ina watu wengi ambao hawakula ukoko, na hao waliuona kabla jua halijazama.

Mmoja aliandika kwamba wanaume wa namna hii ni wengi. Mwingine akaandika kwamba kama hamsifu, basi lazima anampiga. Wa tatu alisema amesikia kwamba anampiga kwa upawa. Wa nne aliyajua masufuria ambamo chakula cha watoto kiliibwa. Walikuwa watu wa miji ambayo Mzee Kibindu hajawahi kufika, na waliandika kwa uchangamfu, kama watu wanaokwenda mpirani. Kufikia mwisho wa juma alikuwa mkatili, mlevi, mwizi wa mafuta ya kupikia, na picha iliyosambazwa kuwa yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Mwanafunzi akasoma. Akaanza kutilia shaka. Akaamini.

Mzee Kibindu alipoweka kidole, skrini ikawa ya kijani na kuandika: KARIBU, RAIA HAI. Afande Kayuni alipiga makofi. Hata wauza machungwa wa nje ya geti walipiga makofi. Mzee akapita na chupa yake, akapanda ngazi za ghorofa ya kwanza, za pili, akafika kwenye mlango wa wodi ya moyo. Nao ulikuwa na skrini yake. Akaweka kidole.

MTU HUYU NI HATARI KWA MGONJWA. ASISOGEE.

Mlango ulikuwa wa kioo cha ukungu. Upande wa pili aliona kitanda kama kivuli, na kitu kilichoweza kuwa mkono au shuka. Alisema, "Tunu." Afande Kayuni alikuwa ameshapanda mbio, akamshika bega kwa upole.

"Twende chini, mzee wangu. Sasa uko hai, ila uko hai vibaya."

Alirudi kwa Dokta Erasto. Dokta Erasto alisikiliza, akavua miwani.

"Tukikusifu utakufa tena, Babu. Tukiendelea kukutukana hutamwona. Unatakiwa kuwa mtu wa kawaida tu: ana hili, ana lile, mke wake anamlalamikia na anampenda. Mwanafunzi hajui mtu kama huyo."

"Lakini si ndio sisi sote?"

"Ndiyo, Babu. Ila hakuna anayetuandika."

*

Nesi Fortunata alishuka getini bila chupa. Akasimama karibu na mzee, akaongea kwa sauti ya chini.

"Hajanywa leo. Daktari anasema tumwachie Mungu na ile mashine ya kupumulia. Babu, kama una neno, andika. Ameniomba mwenyewe. Amesema, mwambie aniandikie kitu kimoja kizuri, kimoja tu, nisikie jinsi kinavyokaa mdomoni mwake."

Mzee Kibindu akanunua karatasi na bahasha kwenye kibanda cha wauza machungwa. Akaketi kwenye ukingo wa mfereji, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwenye magunia ya unga. Aliandika ukurasa mzima, mambo aliyoyatunza kwa miaka yote ya ndoa. Akaupeleka getini.

"Iache wazi," alisema Afande Kayuni. "Barua za wagonjwa hupigwa picha kwanza, zinawekwa mtandaoni. Ni mambo ya uwazi. Halafu ndipo unaifunga." Akaanza kuisoma, na midomo yake ikapungua mwendo. Akairudisha.

"Mzee wangu, hii siwezi kuipiga picha."

"Kwa nini?"

"Mwanafunzi ataisoma. Akisoma maneno haya juu ya mama, ataamini kafariki. Na kitanda cha marehemu hukatwa umeme saa hiyohiyo, na mashine nayo. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja aliandikiwa shairi na mchumba wake." Akavua kofia.

Mzee Kibindu alisimama pale na ukurasa wake. Juu, kwenye dirisha la ghorofa ya pili, pazia la kijani halikutikisika. Akauchana ukurasa mara mbili, akavitia vipande mfukoni. Akaomba karatasi nyingine, akaandika akiwa amesimama, juu ya meza ya mlinzi.

"Tunu. Wewe ni mwanamke mbishi. Siku niliyokuja kukuposa ulivicheka viatu vyangu mbele ya baba yako, na hujaacha. Ukifua unaimba, na unaimba vibaya, mtaa mzima unajua. Umenizoesha kulala upande wa ukutani, sasa kitanda ni kikubwa mno na silali, na kosa ni lako. Umenizoesha kubishiwa, nyumba imekuwa kimya mpaka naongea na sufuria. Hilo nalo ni kosa lako. Mtu mkaidi kama wewe hawezi kuondoka tu hivi hivi. Ukifanya hivyo nitajua umetaka kunikomoa. Mimi niko getini, siondoki. Acha kiburi, kunywa uji. Kibindu."

Afande Kayuni alisoma, akapiga picha. Wote watatu wakaitazama skrini. Ilichelewa kidogo, kama mtu anayefikiri, kisha ikaandika: MGONJWA YU HAI.

"Atanielewa?" aliuliza mzee.

Nesi Fortunata alikuwa amenyoosha mkono.

Mzee Kibindu alikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi na kuibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Akampa. Nesi akaitia mfukoni mwa gauni lake jeupe, akapanda ngazi akikimbia.